Mguu wa Kushoto wa Mama

Hosteli ya Wauguzi, chumba namba 6
3 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii unasomewa na Dada, basi na yeye apokee shikamoo yake hapo hapo alipokaa.

Nimehamishiwa wodi ya mifupa. Kutwa nzima ni magoti, nyonga na viuno. Kila nikiinua mguu wa mama wa watu kuuweka juu ya mto, nakuona wewe. Miaka thelathini umesimama nyuma ya meza ya pasi kule dobi, magoti yangeachaje kulalamika? Nimemweleza bwana wa viungo, yule anayewafundisha wagonjwa mazoezi, jinsi goti lako la kushoto linavyokaza asubuhi, linavyolia ukipanda ngazi, na linavyolegea ukishatembea kidogo. Anasema inafanana na gegedu lililolika. Gegedu ni kitu kigumu kidogo kama ncha ya sikio, kinakaa kati ya mfupa na mfupa ili visisagane.

Dawa yake kubwa ni mwendo. Kaa kitini, nyoosha mguu mbele mpaka paja likaze, hesabu hadi kumi, shusha. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Bakora ishike kwa mkono wa kulia, ulio mbali na goti bovu, wala usione haya. Na usizoee kitanda. Goti la namna hiyo ukililaza sana linazidi kukaza.

Jambo la mwisho. Kule kuchuliwa na mafuta kila jioni hakuna maana. Mafuta hayafiki kwenye gegedu. Afadhali Dada aache, apumzike.

Nakukumbuka mpaka nakosa hamu ya kula.

Kitinda wako

*

Nyumbani
12 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Ni mimi mama yako, kwa mkono wa dada yako. Barua imefika, nimesomewa yote. Goti ni lile lile. Dada yako ananiangalia vizuri sana. Akitoka kazini, hata maji hajanywa, anakaa chini na kunichua mguu kuanzia gotini mpaka kifundoni, nami nikishachuliwa nalala kama mtoto mchanga. Bila yeye sijui ningekuwa wapi. Wewe fanya kazi yako huko, ya huku usiyahangaikie.

Mama

Haya, sasa ni mimi Dada. Mama amecheka aliposikia habari ya kunyoosha mguu kitini na kuhesabu. Amesema hayo ni mambo ya watoto wa shule. Na kuhusu kuchua, mikono ni yangu na mguu ni wa mama yangu. Huyo bwana wa viungo wako hajawahi kuniona wala mimi sijamwita.

Dada

*

Hosteli ya Wauguzi
23 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Naona nimekukwaza. Sikukusudia. Lakini niwie radhi nikuulize: barua ile ulimsomea yote? Mama ninayemjua mimi ukimwambia ahesabu hadi kumi atahesabu hadi kumi na tano ili akuonyeshe anaweza. Mama wa kucheka mazoezi simjui.

Msomee tena, tafadhali, polepole, ile sehemu ya kiti na ile ya kutozoea kitanda. Hata mara mbili kwa siku zinatosha kuanzia.

Ndani ya bahasha kuna picha yangu na sare mpya. Hiyo ni ya Mama. Naomba umpe mkononi.

Mdogo wako

*

Nyumbani
9 Machi

Mdogo wangu,

Nimempa mkononi, kama ulivyoamuru.

Ameishika dirishani akaigeuza huku na huku. Akaniomba gundi. Sasa uko ukutani juu ya kitanda chake, na kila anayeingia kumjulia hali lazima kwanza akujulie hali wewe. Juzi alikuja msimamizi wetu wa dobi. Mama akanyoosha kidole: "Huyu mwanangu. Daktari." Nikasema, "Muuguzi, Mama." Akanitazama hivi, akaniambia, "Nenda kachemshe chai." Nikaenda. Nimechemsha chai katika nyumba hii tangu nina miaka tisa, moja zaidi haiui. Lakini nilipokuwa nangoja maji yachemke nilijiambia: mimi picha yangu iko wapi? Haipo. Mtu unayeshinda naye humhitaji ukutani, si ndiyo? Kizuri kiko mbali, cha karibu ni cha kutumwa.

Mimi ndiye kifungua mimba. Niliacha shule nikashika pasi kando ya Mama, wewe ukaenda na madaftari yako. Sisemi ulinipokonya, nasema ulikwenda. Sasa unarudi kwa barua kuniambia jinsi ya kumshika mama niliyemshika siku zote hizo.

Nikupe habari basi, usije ukasema nakuficha. Tarehe 25 Mama aliteleza bafuni, goti likavimba. Tangu siku hiyo simruhusu kukanyaga sakafu. Leo siku ya kumi na mbili. Kula, kunawa, kubadili nguo, vyote kitandani, kwa mikono yangu hii. Hata kikombe simwachii anyanyue. Majirani wanasema mzazi anayeangaliwa hivi hawajamwona. Tangu jana maumivu yameteremka kutoka gotini mpaka kwenye kigimbi. Kimejaa kidogo, na kina joto ukilinganisha na cha kulia. Namchua kwa nguvu zaidi, mafuta ya moto, mpaka anakunja uso. Anavumilia. Kwangu huwa anavumilia.

Dada

*

Hosteli ya Wauguzi
14 Machi

Dada,

Acha kumchua. Acha leo, acha sasa hivi. Nimepiga simu ofisini kwenu dobi mara tatu, karani anasema umeshatoka. Barua hii nampa dereva wa gari la dawa aje nayo mpaka mlangoni.

Nisikilize. Mguu mmoja tu, umevimba kigimbi, una joto, na mtu amelala siku kumi na mbili bila kutembea. Inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Sisemi ndiyo. Huenda ni kifuko cha maji nyuma ya goti kimepasuka na maji yameteremka, nacho huvimbisha vile vile, na hicho si cha kuogopwa sana. Huenda ni msuli umevutika alipoteleza. Lakini kwa macho huwezi kujua, hata mimi siwezi, hata daktari mkubwa hawezi mpaka atumie mashine ya kupiga picha mishipa. Na kama ni damu iliyoganda, ukiisugua inaweza kukatika kipande ikapanda mpaka kwenye mapafu.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo utakayosoma hapa. Usingoje Jumatatu. Asitembezwe, abebwe. Akikosa pumzi, au kifua kikimchoma, au akikohoa damu, hapo hata viatu usivae, kimbia naye.

Nakuomba, Dada.

Mdogo wako

*

Nyumbani
16 Machi

Binti yangu,

Barua yako imefika. Mguu umepoa, uvimbe umekwisha kabisa. Usiwe na wasiwasi, na usimpigie dada yako simu kazini, msimamizi hapendi.

Ni mimi mama yako

*

Hosteli ya Wauguzi
18 Machi

Dada,

Mama hajaniita "binti yangu" tangu nizaliwe. Ananiita Kitinda, na akiwa na hasira ananiita "wewe mtu". Ile barua kaandika nani?

Nimeomba ruhusa ya kuja, nimeambiwa mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu wenzangu wawili ni wagonjwa. Naweka mguu wa mtu huyu na wa mtu yule juu ya mito, na wa Mama sijui uko katika hali gani. Kama unanichukia, nichukie. Mpeleke kwanza, unichukie baadaye.

Mimi

*

Hospitali, benchi la nje ya wodi ya wanawake
21 Machi

Mdogo wangu,

Mama yu hai. Hilo ndilo la kwanza. Mengine soma ukiwa umekaa.

Barua ya dereva niliipokea na kuifungua nikiwa bado nimesimama mlangoni. Niliona "Acha kumchua", na nikasema moyoni, tena? Mwezi uliopita aliniambia niache, leo aniambia niache, atatulia lini mtu huyu mpaka aninyang'anye na hili? Sikuendelea. Niliikunja nikaitia mfuko wa aproni. Mama alipokuwa amelala mchana nilikaa mezani nikaandika ile ya "binti yangu". Umeijua kwa neno moja tu. Unamjua Mama zaidi ya nilivyodhani, na hata hilo liliniuma.

Jumatano asubuhi nilikuwa namnawisha uso. Akashika mkono wangu na kitambaa chake. "Pumzi," akasema. "Pumzi inanikimbia." Nikadhani maji yamempalia. Midomo ikaanza kupoteza rangi. Nikakimbia jikoni, nikarudi, nikakimbia tena, sijui nilikuwa natafuta nini. Ndipo nikaitoa barua mfukoni, nikaisoma mpaka chini kwa mara ya kwanza, maji yakinichuruzika mikononi na wino ukitoka. Nilipofika kwenye viatu, nilikuwa peku tayari.

Jirani seremala alitubeba kwenye gari lake la mbao. Mama alilala kichwa mapajani kwangu, mabaki ya randa yamemjaa nyweleni, anavuta pumzi fupi fupi kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Daktari aliuliza, "Amelala kitandani muda gani?" Nikasema wiki tatu. "Nani alisema asitembee?" Nikasema mimi. "Mguu huu ulikuwa unasuguliwa?" Nikasema ndiyo. "Na nani?" Nikasema, "Na mimi." Hakunigombeza. Aliandika tu. Afadhali angenitukana mbele ya watu.

Ilikuwa damu iliyoganda, kwenye kigimbi, na kipande kilikuwa kimekwisha kupanda pafuni. Wamempa hewa ya mtungi na sindano za kuzuia damu isigande zaidi. Siku mbili za kwanza hawakuniahidi kitu. Leo asubuhi ameuliza saa ngapi na kwa nini uji hauna sukari, daktari akacheka, nami nikatoka nje kuja kukuandikia.

Mazoezi yako sikumsomea. Hata mara moja. Nilisoma salamu, nikasoma habari za wodi, nikafika kwenye kiti nikaruka. Yeye hakucheka, mimi ndiye niliyecheka. Hakuomba kulala kitandani, nilimlaza mimi, na kila alipotaka kushusha miguu nilimwambia utaanguka, Mama, ngoja nikuletee. Nilitaka anihitaji, Kitinda. Nilitaka awe na jambo moja ambalo hata ukija na sare yako huliwezi.

Sikuombi msamaha leo. Leo nakupa habari.

Dada

*

Hosteli ya Wauguzi
25 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stoo ya mashuka, mlango nimeufunga kwa mgongo. Nilipofika kwenye uji na sukari nilikaa sakafuni.

Nilikuwa nimekuandikia kurasa mbili za matusi. Nimezichana, kwa sababu nina deni la kusema ukweli, na ukiusikia utaona kwamba aibu hii si yako peke yako.

Bwana wa viungo hakusema kuchua hakuna maana. Nilimuuliza, akanijibu: "Kwa goti lililochoka, mikono laini ni faraja, haina dhara, ilimradi mazoezi yasiachwe." Hilo ndilo alilosema. La "hakuna maana, Dada aache" niliongeza mimi.

Unakumbuka likizo yangu ya mwisho? Kila jioni Mama ananyoosha mguu, anakuita, unakaa chini, mnaanza kuzungumza habari za dobi, nani kaunguza shuka la nani, mnacheka, mimi niko kwenye kiti kama mgeni aliyeletewa soda. Siku moja ulichelewa, nikasema, Mama, leo nitakuchua mimi. Nimesomea, Dada. Najua kila msuli kwa jina. Aliniachia kidogo, kisha akaniambia kwa upole, "Asante mwanangu, sasa nitazamie kama dada yako anakuja." Nilikwenda mlangoni kukutazamia huku natabasamu. Nilichokuwa nacho tumboni hukukiona.

Kwa siku nashika miguu ya wagonjwa arobaini. Wananibariki, wananiombea. Mguu mmoja tu ndio ulionikataa, na ulikuwa kwako. Basi nilipopata kalamu nikaitumia.

Ukishapiga mbiu ya uongo, siku ya mbiu ya kweli nani atoke nje? Nilikwambia "acha" kwa wivu, nikaja kukwambia "acha" kwa hofu ya kifo, na neno lilikuwa lile lile. Ungezitofautishaje? Mpaka leo najiuliza kama ningeandika ile ya kwanza kwa haki, ya pili ungeisoma mpaka mwisho. Nadhani ungeisoma.

Ruhusa yangu imesogezwa mpaka Mei. Mtunze. Sindano wasiziruke hata moja, na akipewa vidonge vya kuendelea navyo, apimwe damu kila watakaposema.

Mdogo wako

*

Hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha saba
2 Aprili

Kitinda,

Anayeandika ni Mwalimu mstaafu wa kitanda cha nane, amevunjika nyonga lakini mkono wake mzima. Nimemwapisha asiongeze wala asipunguze. Ameapa. Ameandika nakala mbili, moja ya kwako, moja ya dada yako, ili asiwepo wa kuniambia mwenzake kapewa zaidi.

Dada yako ameniletea barua zako zote, Mwalimu akanisomea. Na ile niliyokuandikia mimi bila kujua, dada yako amenisimulia kwa mdomo wake, amesimama hapo miguuni pa kitanda kama aliyeitwa ofisini. Mwanzoni nilicheka mpaka nesi akaja. Baadaye sikucheka.

Mguu huu ni wangu. Mnaugombania kama vile nimekwisha kufa na huu ndio urithi. Huyu anasema uchuliwe, huyu anasema usichuliwe, mmoja anaulaza, mmoja anautembeza, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mwenye mguu. Mngeniuliza ningewaambia kigimbi kilikuwa kinaniuma vibaya kila kikiguswa. Nilinyamaza kwa sababu nilimwona dada yako anavyofurahi kunihudumia. Kosa hilo ni langu, liandike, Mwalimu.

Na ya picha. Picha hubandikwa ya mtu usiyemwona. Dada yako ninamwona tangu alfajiri, nimbandike wa nini?

Na ya udaktari. Najua wewe ni muuguzi, sijawa mjinga. Msimamizi yule alininyima kiti miaka thelathini. Nilitaka akisikia daktari ameze mate. Nikamtuma dada yako chai ili nipate nafasi ya kumwambia peke yake: "Magoti yangu umekwisha kuyala. Mwanangu huyu aliye jikoni mpe kiti." Nilimwona anatazama mguu wangu.

Dada yako ananiuliza kila siku kama nimemsamehe. Nimemwambia anyamaze aninyanyue, nataka kufika dirishani. Na wewe ukija, uje na hamu ya kukaa, si ya kukagua.

Mimi mama yenu. Alama hii ya kidole ni yangu mwenyewe.

*

Nyumbani
2 Mei

Kitinda,

Mama yuko nyumbani wiki ya tatu sasa. Vidonge anameza mbele yangu, na damu wamempima mara mbili, wamesema iko sawa. Kigimbi kimenywea. Kuchua tumeambiwa tusiguse mpaka daktari atakaposema. Jioni inafika na mikono yangu haina kazi. Nimeanza kufuma, nafuma vibaya.

Msimamizi ameleta kiti kirefu, akakiweka nyuma ya meza yangu ya pasi. Sikukikalia siku tatu kwa kiburi. Siku ya nne nimekikalia.

Mazoezi tunafanya. Mimi nahesabu, yeye ananyoosha. Jana alisema, "Kitinda angekuwepo angehesabu taratibu, wewe unanikimbiza." Nikaweka kikombe mezani kwa kishindo. Nilijisikia mwenyewe. Nikakiinua, nikakiweka tena polepole, na Mama akajifanya anatazama nje. Wivu haujaisha, mdogo wangu, nisikudanganye. Wa kwako umekwisha? Ukija, siku ya kwanza usinisemeshe sana. Siku ya pili kaa chini na mimi, unionyeshe ile misuli uliyosomea, jina kwa jina, ili siku tukiruhusiwa nijue ninachoshika.

Nitakupokea kituoni tarehe 20. Mama anasema lazima aje. Nilifungua mdomo kumwambia utachoka, ngoja nyumbani, nikaufunga. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kituoni ni hatua mia nne. Leo asubuhi, na bakora yake mkono wa kulia, mimi nyuma yake nimeficha mikono mgongoni nisimshike, amefika mia tatu na kumi.

Dada yako